Kamba Mzima Mezani na Deni la Baba Mkwe

Binti yangu alinipigia simu Jumanne moja usiku, saa ambayo wanafunzi wa chuo kikuu huwapigia wazazi wao wanapopungukiwa na pesa. Nilijitayarisha kwa zile salamu ndefu zinazotangulia ombi. Kumbe siku hiyo hakutaka hata ndururu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na wenzake:

"Baba, kamba mzima huliwa vipi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ofisi aliyokuwa akifanyia mazoezi ya kazi ilikuwa imewaalika vijana wake kwa chakula cha jioni katika hoteli moja ya fahari jijini, na mwenzake mmoja alikuwa amevumisha kwamba huko wageni huletewa kamba mzima mzima, na miguu yake na sharubu zake, ametandazwa sahanini kama aliyelala. Binti yangu, ambaye mamake ni wa Lamu lakini yeye amezaliwa na kulelewa Nairobi kwa sukuma wiki na nyama ya ng'ombe, alikuwa akiogopa kuumbuka mbele ya mkubwa wake wa kazi.

"Nyumbani nimewahi kumla, ndiyo," akasema, "lakini mama humkatakata akamtia katika tui la nazi. Sijamwona mzima mezani hata siku moja. Kwani sisi hatumli hivyo kwa nini?"

Msomaji, yako maswali ambayo mtoto huyauliza kwa wepesi, mzazi akabaki kumeza mate. Nilimwambia aje nyumbani Jumamosi nimfunze. Nikakata simu, nikakaa kimya kitambo. Swali lake lilikuwa limenirudisha Lamu, mwezi wa Desemba mwaka wa 1996, penye sinia la baba mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa Mumias. Kwetu mgeni ni kuku. Na kuku wa kwetu haliwi ovyo ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwanamke atakayemnyima mumewe firigisi akampa mwingine, huenda kikao cha wazee kikaitwa. Nilikua nikijua kwamba mtu hupimwa kwa kipande alichowekewa na kwa jinsi alivyokila. Lakini elimu hiyo yote ilikuwa ya kuku. Ya baharini sikuwa nayo.

Mke wangu nilikutana naye tukisomea ualimu. Nikaha yetu ilifungwa Mombasa kwa ami yake, kwa kuwa baba mkwe hakuweza kuliacha jahazi la watu msimu ule, akamwakilisha ndugu yake. Kwa hivyo safari ya Desemba ndiyo iliyokuwa ya kwanza mimi kwenda kuonana naye uso kwa uso. Tulipanda basi Mombasa, tukapita Malindi, Garsen na Witu, vumbi likatugeuza rangi, hadi tukafika Mokowe na kuvuka kwa mashua. Mzee alikuwa amesimama gatini akitungojea, kanzu nyeupe, kofia ya vito, mato mekundu kwa maji ya chumvi. "Mato", ndivyo wasemavyo Waamu badala ya macho. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato.

Mzee alikuwa mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kuwatoa kamba koche mapangoni.

Heri nimfafanulie msomaji wa bara hapa. Kamba koche si yule kamba mdogo anayeuzwa kwa mafungu na kukaangwa kwa vitunguu. Huyu hufikia urefu wa mkono wa mtu mzima. Ana miguu kumi, gamba lililojaa miiba, na sharubu mbili nene zilizo ndefu kuliko mwili wake wote. Yule tunayemwona katika filamu za Wazungu, mwenye magando mawili makubwa kama ya kaa, ni wa bahari za baridi za Ulaya na Marekani. Wa kwetu hana magando. Silaha yake ni ile miiba na zile sharubu, na ukimkamata hutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayesugua kitana ukutani, ili adui aingiwe na woga.

Mchana huishi mapangoni katika miamba na matumbawe, usiku ndipo atokapo kutafuta riziki. Wazamiaji wa visiwa vya Lamu wana hila yao ya kumtoa. Mvuvi huchukua pweza, akamfunga kwenye kijiti, akamsogeza mlangoni mwa pango. Kamba hamwogopi mtu kama anavyomwogopa pweza, kwani pweza ndiye anayemla huko baharini. Akimwona tu huchomoka mbio, na mvuvi yu tayari na mkono wake au wavu mdogo. Kazi hii hufanywa zaidi msimu wa kaskazi, maji yanapotulia na kuwa meupe. Kusi likivuma bahari huchafuka, na mzamiaji hukaa nyumbani akihesabu vidole. Mzee aliizamia bahari kwa pumzi zake mwenyewe, bila mtungi wa hewa, tangu ujanani. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa uzito wa maji. Ukitaka akusikie, ulikaa kuliani kwake.

Usiku wa kwanza tulikirimiwa. Stima ilikuwa imepotea, ikawashwa karabai. Wanaume tuliketi mkekani: mimi, baba mkwe, wazee wawili wa mtaa, na shemeji yangu, kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa akitunawisha mikono kwa adabu. Likaletwa sinia la wali wa nazi, changu wa kukaanga, chatini na ndimu. Kisha ikaletwa sahani moja ya peke yake, ikawekwa mbele yangu mimi tu. Ikafunuliwa kawa.

Lahaula! Alikuwa kamba mzima, mwekundu kama moto, mkubwa kilo moja na nusu au zaidi, ananitazama. Sharubu zake zilipita ukingo wa sahani zikanielekea kifuani. Harufu yake ilikuwa nzuri, ya thomu, ndimu na makaa, lakini miguu ile kumi ilinifanya nione mdudu wala si chakula. Kijasho chembamba kikanitoka. Nikangoja nione mwingine akimla nimwigize, lakini hakuna mwingine aliyekuwa naye. Wote walikuwa wakila changu, na wote, kwa heshima, walikuwa wakijitia hawanitazami.

Nikaushika mguu mmoja, nikauvuta, mwiba ukanichoma kidole, damu ikanitoka. Nikajaribu mgongoni, gamba likakataa. Mwishowe nikapata mwanya mkiani, palipopasukia motoni, nikachokoa vipande viwili vitatu vya nyama nyeupe kwa ncha ya kijiko. Vilikuwa vitamu, siwezi kukana. Lakini aibu ilikuwa imenikaba koo. Nikavuta wali, nikala wali mtupu, nikasema: "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nikarudisha kawa juu ya sahani ili yasionekane yaliyobaki.

Yaliyobaki yalikuwa karibu kamba mzima.

Shemeji aliiondoa ile sahani. Nakumbuka aliiinua polepole, akaitazama, kisha akamtazama babake. Nilidhani ni mshangao wa kitoto tu. Mzee hakusema neno.

Wazee walipokwisha kunywa kahawa na kuaga, nilijua nimeharibu, ila sikujua kiasi gani. Nikawa nataka kwenda kulala. Hapo mzee akarudi kutoka ndani, amebeba ile sahani mwenyewe kwa mikono yake, akaketi, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Ndoo, mwanangu. Kaa kulia kwangu."

Nikakaa. Akaniuliza, "Ati kwenu Mumias mwala kumbikumbi?"

Nikasema ndiyo, wakati wa mvua, na ni watamu mno.

"Kumbikumbi ana miguu mingapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. "Sita, baba."

"Basi huyu amemzidi minne tu," akasema. Tukacheka sote wawili mpaka mke wangu akachungulia mlangoni. Nami nikahisi lile fundo la koo likilegea.

Kisha akanifunza. Sikupata kuona mwalimu mtulivu kama yule, nami ualimu ndiyo kazi yangu. Alinifunza kwa kuniachia mimi nifanye. Yeye alionyesha kwa kidole. Alinionyesha jinsi ya kumtenganisha mkia na kichwa, jinsi ya kumpasua kwa upande wa tumboni ambako gamba ni laini, na mahali nyama ilipojificha ambapo mgeni hawezi kupadhania. "Kitwa hakitupwi," aliniambia. "Kitwa ndicho kilichomtoa pangoni." Nikala mpaka nikatosheka kwelikweli, na karibu sikuacha kitu. Yeye alichukua mguu mmoja tu, mwembamba, akauvunja katikati na kuufyonza, ili nione unavyofyonzwa. Mguu mmoja. Nilimsihi ale nami. Akasema bahari imemlisha vya kutosha, na hiki ni changu.

Hiyo ndiyo siku niliyojua kumla kamba. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua nilikula nini.

Mzee aliacha kuzamia mwaka wa 2003, sikio la pili lilipoanza kumsaliti. Alifariki mwaka wa 2011, Mungu amrehemu. Tulikwenda kuzika. Usiku wa tatu wa matanga tulikuwa barazani, mimi na yule shemeji, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto na mwenye kuzamia kama babake. Tukawa tunakumbushana habari za mzee, kama ilivyo desturi, machozi na kicheko pamoja. Nikasimulia kisa cha kumbikumbi. Shemeji akacheka, kisha akanyamaza.

"Shemeji," akasema, "baba alitukataza tusikwambie maadamu yu hai. Kamba yule alikuwa karo yangu."

Nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Wiki ile kabla hatujafika, mzee alikuwa amewatoa kamba watano. Tajiri wa kununua alikuwa na ahadi ya kuwachukua wote, awapeleke hotelini, na fedha zao ndizo zingetimiza karo ya kijana ya muhula wa Januari. Wanne waliuzwa. Wa tano, mkubwa kuliko wote, mzee alimzuia. Mamake alimuuliza, "Na mtoto?" Mzee akajibu kwamba mkwe haji mara ya kwanza mara mbili. Baadaye upepo ukabadilika, maji yakawa machafu siku nyingi, na hakupata mwingine wa kiasi kile. Shule zilipofunguliwa, shemeji alikaa nyumbani wiki tatu.

"Ulipoacha nyama yote ile," akaniambia, "nilitaka kulia. Si kwa karo tu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwana wa mzamia kamba, na sikuwa nimepata kuonja kamba mzima maishani. Wote wakiuzwa."

Msomaji, sina maneno ya kukueleza. Nilikumbuka ile sahani ilivyoinuliwa polepole. Nikakumbuka ule mguu mmoja mwembamba. Mzee aliutoa uhai wake majini miaka arubaini ili wageni wa mahoteli wale, na siku aliyoamua kumweka mmoja nyumbani, alimpa kijana wa bara aliyekuwa akimwona ni mdudu. Wala hakunitahayarisha. Angeweza kuniacha nikalale na ujinga wangu. Badala yake alirudi na sahani mkononi, ili kile alichokitoa kisiende bure na mimi nisiondoke kwake nikiwa mdogo.

Tangu mwaka huo karo ya mtoto wa kwanza wa shemeji ikawa yangu. Sikuiita msaada. Ni deni, na shemeji alilikubali kwa jina hilo. Naye kila kaskazi hunitumia kamba mmoja katika sanduku la barafu. Hivyo deni halimaliziki, na nadhani sote wawili hatutaki limalizike. Lakini kila alipofika, nilimwambia mke wangu amkate. Sikutaka kumwona mzima sahanini. Mke wangu alijua sababu, watoto hawakuijua.

Jumamosi binti yangu alifika. Bahati njema, sanduku la shemeji lilikuwa limekwisha kuwasili wiki hiyo. Nilimwambia mke wangu, "Leo usimkate." Alinitazama kidogo, akaniachia jiko.

Sasa sikiliza, nawe msomaji, kwani huenda siku yako ikafika.

Kwanza ni kumchagua. Kamba bora ni aliye hai: ukimwinua, mkia wake hujikunja chini ya tumbo kwa nguvu. Aliyekufa zamani bila barafu usimnunue, hata kwa bei ya bure, kwa maana maji ya tumbo lake mwenyewe huanza kuila nyama yake, ikawa laini kama uji, na vijidudu humwingia upesi. Wa barafu naye awe mgumu, asiwe na harufu kali inayowasha pua. Na ukimwona jike mwenye mayai chini ya mkia, ambaye huonekana kama amebeba mafungu ya shanga, huyo arudi baharini. Kumbeba ni kuiba kamba wa kesho. Wavuvi wa jimbo la Maine huko Marekani wakimpata wa namna hiyo humkata alama ndogo mkiani na kumwachilia, ili kila atakayemnasa baadaye ajue kwamba huyu ni mzazi, asiguswe.

Aliye hai mlaze kwanza katika barafu kama nusu saa, afe ganzi, asiteseke. Chemsha maji mengi yenye chumvi, yawe na ladha ya bahari. Wa nusu kilo humtosha dakika kumi hadi kumi na mbili; wa kilo nzima, robo saa na zaidi kidogo. Rangi yake, iwe ni ya kijani au ya hudhurungi, itageuka nyekundu. Wekundu huo ulikuwamo tangu mwanzo, umefungwa pamoja na protini ya gamba. Moto huvunja kifungo, nao ukajitokeza. Nyama ikiwa nyeupe isiyopenya mwanga, ameiva. Ukimzidishia moto atakuwa mpira. Ukipenda, mtoe mapema kidogo, mpasue, mpake thomu, ndimu na pilipili, ummalizie juu ya makaa.

Mezani, anza na mkia. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, kwa kitambaa ikiwa miiba inakutisha, kisha nyonga kama unayekamua nguo. Vitaachana. Geuza mkia, tumbo juu. Huko gamba ni jembamba. Likate kwa mkasi pande zote mbili, au lipasue kwa kisu katikati, uifungue nyama kwa vidole gumba. Utaona uzi mweusi unaopita mgongoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ni utumbo, uvute utupe.

Watu wengi huishia hapo, wakaita wamekula kamba. Sivyo. Shika zile sharubu mbili nene. Pale zinapoota kichwani ni pana kama kidole gumba cha mtu, na ndani mna nyama tamu. Zivunje kwenye kiungo, uichokoe. Kisha miguu: ing'oe mmoja mmoja, vunja kwenye viungo, uifyonze kama mtoto anavyofyonza muwa. Usione haya kwa sauti; mguu wa kamba hauliwi kimya.

Mwisho kichwa. Kipasue katikati kwa urefu. Karibu na macho kuna kifuko kidogo cha mchanga. Hicho ni tumbo lake, hakiliwi. Pembeni kuna matamvua, laini kama manyoya, nayo hayaliwi. Lakini nyama iliyo kwenye mizizi ya miguu italipa subira yako. Ule urojo wa kijani ni kama ini lake, na wazee huupenda kwa wali. Ila uonjwe kwa kiasi: idara ya afya ya Kanada huwashauri watu wazima wasiuzidishe na watoto wasipewe kabisa, kwa kuwa hapo ndipo sumu za baharini hujikusanya. Magamba usiyatupe; yachemshe na vitunguu, upate mchuzi wa kupikia wali. Na kama mwili wako humkataa kamba, ukavimba midomo au kuwashwa, basi usijaribu kwa ajili ya fahari. Sema tu, "Samahani, hanipatani."

"Na hotelini, baba, ni kwa mikono au kwa uma?" binti yangu akauliza, vidole vikimetameta kwa mafuta.

Nikamwambia mkia mara nyingi huletwa umekwisha kupasuliwa, huo ule kwa uma. Kama ni yule mwenye magando, utawekewa koleo la kuyavunjia na kijiti chembamba cha kuchokolea. Miguu hakuna anayeiweza kwa uma, hata bwana mkubwa mwenyewe. Na ukikwama, muulize anayekuhudumia. Kuuliza si aibu. Aibu ni kufunika sahani kwa kawa ukasema umeshiba.

Hapo akaniangalia, akajua kuna jambo. Ndipo nikamsimulia yote: karabai, mwiba, kumbikumbi, wiki tatu za mjombake. Mke wangu alisimama mlangoni mwa jiko, kama alivyochungulia usiku ule, akisikiliza bila kusema kitu.

Nilipomaliza, binti yangu alikuwa amebakisha mguu mmoja sahanini, mwembamba. Aliuvunja katikati, lakini hakuufyonza. Alinisogezea.

"Huu wa babu," akasema. "Mle kwa niaba yake."

Nikaula. Chumvi niliyoionja sikujua kama ni ya kamba au ya machozi, wala sikuuliza.

Ijumaa iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku ya karamu yao. Nilishindwa kulala mpaka nimempigia. "Haya, mwanangu, kamba alikuwaje? Hukuaibika?"

Nikamsikia akicheka mpaka akakosa pumzi. "Baba, yule mwenzangu alitudanganya. Tulipewa kuku!"

Nami, mtu wa Mumias, ningeuliza nini kingine? Nikamuuliza, "Na firigisi alipewa nani?"